Nyimbo za Askari Zinazonyamaza Redioni

Kwa miaka mingi wananchi wa Kenya waliamshwa na askari. Alfajiri, wakati jogoo wanawika na moto wa chai unakokwa, Sauti ya Kenya ilikuwa ikipiga wimbo wa "Amka Kumekucha", wimbo unaomhimiza mtu aache uvivu na kushika kazi. Waliouimba hawakuwa wanamuziki wa mahoteli. Walikuwa Maroon Commandos, bendi ya Batalioni ya Saba ya Kenya Rifles, yenye makao yake katika kambi ya Lang'ata, Nairobi. Mkenya wa makamo akiusikia wimbo huo hukumbuka sare ya shule, barabara yenye umande na sauti ya mzazi akimhimiza asichelewe.

Mwulize mtu huyo huyo autaje wimbo mwingine wa bendi hiyo. Atautaja "Charonyi ni Wasi", ulioimbwa kwa Kitaita mwaka 1977, unaosimulia taabu za kuishi ugenini. Mwulize wa tatu, na wengi watanyamaza. Bendi iliyoanzishwa mwaka 1970, ikapiga muziki kwa miaka zaidi ya arobaini, imebakiwa na nyimbo mbili katika masikio ya umma. Nyingine zimeondoka redioni bila amri wala tangazo. Jambo hili linastahili kutazamwa na kila askari wa nchi hizi, kwa sababu muziki wa dansi wa Kenya, kwa sehemu kubwa, ulizaliwa jeshini.

Ndugu wasikilizaji, chanzo chake ni Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasa waliandikishwa katika King's African Rifles, wakapelekwa Ethiopia, Madagascar na hatimaye Burma, ambako walipigana mwaka 1944 na 1945. Lugha iliyowaunganisha vijana hao wa makabila mengi ilikuwa Kiswahili. Hata matangazo ya redio kwa Waafrika wa Kenya yalianza katika vita hivyo, ili wazazi na jamaa wapate habari za watoto wao waliokuwa mbali. Kwa hiyo redio ya Kiswahili ya Kenya na askari wa Kenya ni ndugu wa tumbo moja.

Jeshi hilo lilikuwa na kikosi maalumu cha burudani, kilichofuata askari hadi kwenye uwanja wa vita. Miongoni mwa waliokitumikia alikuwa Fundi Konde, kijana wa Pwani aliyezaliwa mwaka 1924. Vita vilipokwisha alirudi Kenya na gitaa, akawa mmoja wa watu wa kwanza nchini humo kupiga gitaa la umeme. Kati ya mwaka 1947 na 1956 alirekodi nyimbo nyingi Nairobi, zikiwamo "Tausi Ndege Wangu", "Mama Sowera" na "Majengo Siendi Tena". Ndani ya nyimbo hizo imo picha ya watu waliotoka vitani na mashambani wakaingia mjini: mapenzi yao, fedha yao kidogo, na vishawishi vya mitaa kama Majengo.

Baada yao kikaja kizazi cha uhuru. Katika miaka ya 1960 studio ya Equator Sound mjini Nairobi ilikusanya vijana hodari: Fadhili William, Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na Wazambia wawili, Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi Juma. Kabaka aliimba "Helule Helule", wimbo uliovuka bahari. Mwaka 1968 bendi ya Tremeloes ya Uingereza iliuimba upya, nao ukaingia miongoni mwa nyimbo ishirini zilizouzwa sana nchini humo. Fadhili William alirekodi "Malaika", wimbo ambao baadaye Miriam Makeba na Harry Belafonte waliupeleka duniani kote. Mtanzania Adam Salim naye hutajwa kuwa ndiye mtungaji wake, na ubishi huo haujapata mwamuzi.

Leo "Malaika" unaimbwa harusini na hotelini. Lakini ni wangapi wanaojua wimbo mwingine wa Fadhili William? Huyo naye, kama Maroon Commandos, amehukumiwa kukumbukwa kwa sehemu ndogo tu ya kazi yake.

Wako watakaosema kwamba hiyo ndiyo haki. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi wimbo mzuri utabaki na dhaifu utakufa. Hoja hiyo inapendeza, lakini historia haiungi mkono. Wimbo hauwezi kujiuza ikiwa haupigwi. Na sababu za kutopigwa mara nyingi hazihusiani hata kidogo na uzuri wake.

Sababu ya kwanza ni umri wa msikilizaji. Kipindi cha nyimbo za zamani, kile ambacho Watanzania hukiita cha zilipendwa na Wakenya cha zilizopendwa, hakipangwi kwa kufuata umri wa wimbo. Hupangwa kwa kufuata umri wa anayesikiliza, kwa kuwa mtu huuthamini zaidi muziki wa ujana wake. Mwaka 1975 mtu wa miaka 50 alikuwa ametimiza miaka 20 vita vilipokwisha, na Fundi Konde ndiye aliyekuwa wake. Mwaka 2000 mtu wa umri huo alikuwa kijana mwaka 1970, naye aliomba nyimbo za miaka hiyo. Leo mwenye miaka 50 alikuwa kijana katika miaka ya 1990. Zilipendwa zake ni za juzi, na hana makosa. Lakini kila kizazi kinapopokea zamu, kizazi kilichotangulia huondoka na nyimbo zake, wala hakuna anayeagizwa kubaki kulinda ghala.

Sababu ya pili ni chombo chenyewe. Nyimbo za Fundi Konde zilitolewa katika santuri nzito za mizunguko 78 kwa dakika, santuri ambazo zikianguka huvunjika kama kigae. Zikafuata santuri ndogo za mizunguko 45, ambazo mara nyingi zililazimisha wimbo mrefu kukatwa vipande viwili, kimoja kila upande. Baadaye zikaja kanda, kisha mashine za kompyuta. Kila chombo kipya kilipoingia, zilihamishwa kwanza nyimbo zilizokuwa zikiombwa wakati huo. Zilizokuwa zimenyamaza kidogo ziliachwa rafuni, na vifaa vya kuzipiga vikatoweka. Hivyo kimya cha mwaka mmoja kikageuka kuwa kimya cha daima.

Sababu ya tatu ni uamuzi wa watu. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya ilijaribu kuweka utaratibu kwamba robo tatu ya muziki unaotangazwa uwe wa Kenya. Utaratibu huo ulipingwa, ukaachwa baada ya muda mfupi. Tangu miaka ya 1990, utangazaji uliporuhusiwa kwa watu binafsi, vituo vimeongezeka sana. Mtu angetazamia kwamba wingi wa vituo ungeleta wingi wa nyimbo. Lakini mtayarishaji anayeogopa kumpoteza msikilizaji hupiga kile ambacho jirani yake amekwisha kukipiga. Wimbo unaojulikana hupigwa kwa sababu unajulikana, na hujulikana kwa sababu unapigwa. Usiojulikana hubaki nje ya lango.

Mwaka 1994 nyimbo za Fundi Konde za miaka ya 1947 hadi 1956 zilitolewa upya kwa pamoja, katika santuri ya kisasa, na kampuni ya London. Bendi ya Them Mushrooms ya Kenya nayo ilimwita mzee huyo studioni, ikapiga naye upya nyimbo zake ili vijana wazisikie. Alifariki mwaka 2000. Fadhili William na Daudi Kabaka walimfuata mwaka 2001, na Habel Kifoto, aliyekuwa kiongozi wa Maroon Commandos, akafariki mwaka 2011. Juhudi za London na za Them Mushrooms zinaonyesha mambo mawili. Kwanza, nyimbo hizo hazikuwa zimekufa kwa udhaifu. Zilipofunguliwa mlango zilipata wasikilizaji. Pili, mlango mmoja ulifunguliwa na watu wa mbali, wakati ghala lilikuwa nyumbani.

Hasara yake si ya burudani peke yake. Maofisa wa Kiingereza walioongoza King's African Rifles waliandika vitabu na kuacha makaratasi. Askari wa kawaida, ambaye mara nyingi hakujua kuandika, aliacha wimbo. Ndani yake alitaja mji alioupita, chakula alichokula, mwanamke aliyemwacha na ahadi aliyopewa. Ukizima wimbo huo umemwondoa shahidi mahakamani kabla hajatoa ushahidi. Atakayebaki akisema ni mkubwa wake tu.

Watanzania hawana sababu ya kuwacheka majirani zao. Tanzania nayo ilikuwa na Mwenge Jazz ya jeshi, JKT Kimulimuli na Polisi Jazz, bendi zilizojaza kumbi za dansi. Kwa kuwa nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, kazi nyingi za wanamuziki wa Tanzania zilitolewa Nairobi. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977, hata ulipofunguliwa mwaka 1983, njia hiyo ilikuwa imevurugika. Nyimbo nyingi zilibaki katika kanda za redio ya taifa pekee. Kanda moja ikiharibika, hakuna nakala nyumbani kwa mwananchi yeyote ya kuiziba nafasi yake.

Askari anaelewa vizuri zaidi ya raia jinsi ya kutunza kitu kisipotee. Katika ghala la silaha kila bunduki ina namba yake, na ina jina la aliyeichukua na siku aliyoirudisha. Hakuna mkuu wa ghala anayeacha kuiandika bunduki eti kwa kuwa haijatumika mwaka huu. Nyimbo za bendi za majeshi na polisi zinastahili daftari kama hilo: jina la wimbo, mtungaji, mwimbaji, wapigaji, mwaka, kambi iliyorekodiwa, na hali ya kanda. Wapigaji wengi ni wastaafu sasa. Wako vijijini, na baadhi yao bado wanakumbuka aliyepiga gitaa la besi na aliyepuliza tarumbeta. Kazi ya kuwauliza haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kalamu, na inahitaji kufanywa kabla ya matanga yao.

Redio za taifa, Kenya na kwingineko, nazo zina wajibu wao. Hakuna anayezitaka ziwanyime vijana muziki wao. Lakini katika saa moja ya nyimbo za zamani, nafasi ya wimbo mmoja ambao haujasikika kwa miaka ishirini si gharama kubwa. Msikilizaji mmoja akisimama barabarani kuusikiliza, na mjukuu wake akauliza aliyeuimba ni nani, wimbo huo umerudi zamu.

Maroon Commandos waliwaambia Wakenya waamke, kumekucha. Wito huo sasa unawahusu watunzaji wa maghala ya nyimbo, katika kila nchi ya Afrika Mashariki.