Muunga Mifupa na Daktari

Mfupa uliovunjika haungoji. Usiponyoshwa mapema, huanza kujiunga wenyewe, na ukijiunga kwa kupinda, mwenyewe hubaki kiwete. Ndiyo sababu, msomaji, watu wa Bonde la Ufa hawakukaa kungoja hospitali zijengwe.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na hospitali zikafuata baadaye. Kutoka Kabarnet hata Nakuru ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Fikiri basi habari za kijana wa Kitugen wa zamani hizo, aliyeanguka mtini alipokuwa akichunga mbuzi. Aliyemwendea ni muunga mifupa, mtu aliyerithi kazi yake kwa wazee wake. Mzee huyo alipapasa mahali palipovimba, akatambua kwa ncha za vidole jinsi mfupa ulivyokatika. Akaamuru kijana ashikwe barabara, naye akauvuta mguu polepole hata vipande vikakutana. Kisha akauzungushia mabanzi ya miti, akayafunga kwa kamba, akamkataza mgonjwa kuukanyaga.

Usidhani kwamba kazi hiyo ilikuwa ushirikina. Mabanzi yale na jasi ya hospitali yana shabaha moja, nayo ni kuuzuia mfupa usitikisike mpaka mwili wenyewe uuponye. Hata huko Ulaya elimu hizi mbili zina udugu. Hugh Owen Thomas, aliyezaliwa Wales mwaka 1834, alikuwa mtoto wa muunga mifupa. Baba yake alishtakiwa na kuudhiwa kwa kuwa hakuwa daktari, hata akawasomesha wanawe udaktari. Hugh akabuni banzi la chuma la kutuliza mguu, na katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 banzi hilo liliokoa askari wengi waliovunjika mapaja.

Lakini tusimsifu mzee kupita kiasi. Vidole havioni ndani ya nyama. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen, mtaalamu wa Ujerumani, aligundua miali ionyeshayo mifupa, na tangu hapo daktari aliweza kuona lile ambalo mzee alilikisia. Tena mfupa uliotoboa ngozi hufungulia njia uchafu na pepopunda. Na mabanzi yakikazwa mno, damu haipiti. Vidole hupoa, hufa ganzi, hugeuka rangi, na mwisho mguu hauna budi kukatwa.

Hapo ndipo ulipozaliwa ugomvi. Daktari huletewa wale ambao mzee ameshindwa kuwaponya, wala hawaoni waliopona wakarudi machungani. Kwa hiyo husema kuwa wazee wote ni waharibifu. Wanakijiji nao humwona jirani aliyekwenda hospitali amechelewa, akarudi na mguu mmoja. Husema kuwa hospitali ni mahali pa kukatwa viungo. Kila upande huhukumu kwa ushahidi nusu, na hofu hiyo humchelewesha mgonjwa mwingine.

Ulimwengu umeanza kutafuta njia ya suluhu. Mwaka 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, mataifa yalikubali kwamba waganga wa jadi waweza kuwa na nafasi katika kutunza afya ya watu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 nayo inataka uwekwe utaratibu wa wagonjwa kupelekwa hospitali kutoka kwa waganga hao.

Walakini sheria haifiki kitandani pa mgonjwa kabla yako wewe uliye karibu naye. Ukiona jeraha lililo wazi, au vidole vilivyopoa chini ya mabanzi, usimtukane mzee wala usingoje kesho. Mwombe alegeze kamba, kisha mwandamane pamoja mpaka hospitali. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Muunga mifupa ajuaye mwisho wa ujuzi wake, na daktari asiyemdharau, wakikutana mapema, kijana atarudi kwa mbuzi wake kwa miguu yake miwili.