Punda wa Kondoa na Ardhi ya Umma

Mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote iondolewe katika vilima vya Irangi, wilayani Kondoa. Eneo hilo lilikuwa na kilometa za mraba 1,256, na mifugo iliyotolewa inakadiriwa kufikia 90,000. Tunapolisimulia tukio hili hapa Majengo, Dodoma, aghalabu tunataja ng'ombe. Amri iliwagusa mbuzi, kondoo na punda pia, na ni punda ninayetaka tumtazame.

Uamuzi huo ulikuwa na sababu. Makorongo yalikuwa yamemeza mashamba kwa miongo mingi, na Waingereza walikwisha kujaribu matuta ya lazima na upunguzaji wa mifugo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO), ulioanzishwa mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, ulianza na matuta na upandaji miti. Hayo yalipoonekana hayatoshi, mifugo ikahamishwa. Nyasi na vichaka vilirejea katika miaka michache. Anayebisha hilo na aende Haubi akaone.

Lakini ng'ombe ni akiba, punda ni kazi. Mwenye ng'ombe aliyewapeleka kwa ndugu nje ya mpaka alibaki na mali yake. Punda aliye mbali hamfai mwenyewe kitu, kwa kuwa maji, kuni na magunia ya mahindi hayakuhama naye. Mzigo ukabaki kijijini, na sote tunajua ni vichwa vya nani hubeba ndoo katika nchi hii. Mwishoni mwa miaka ya 1980 waliletwa ng'ombe wa maziwa wa kufugwa zizini. Maziwa yalipatikana, naam, ila ng'ombe wa zizini hukatiwa majani na kutekewa maji. Mzigo mwingine huo.

Katika muongo huohuo swali la wanyama na ardhi ya umma liliisumbua Marekani pia. Sheria ya mwaka 1971 iliwapa ulinzi farasi na punda wasio na mwenyewe wanaozurura katika malisho ya serikali. Wanapozidi uwezo wa malisho hukamatwa na kugawiwa raia walio tayari kuwafuga. Maelfu hubaki mazizini kwa gharama ya umma. Mfumo huo ni ghali na una lawama nyingi, lakini idadi yao hutangazwa na hubishaniwa mahakamani. Punda wa Kondoa, aliyekuwa na mwenyewe, alipewa amri ya kuondoka tu.

Mwaka 1986 hatua ileile ilipelekwa Mvumi. Miaka ya karibuni punda wakaanza kuchinjwa hapa Dodoma kwa ajili ya soko la ngozi la China, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukapitisha marufuku ya bara zima.

Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti asiishie kwenye majalada ya HADO. Wazee wa Haubi na Mvumi wangali hai. Awaulize, hasa wanawake, nani alibeba nini mwaka uliofuata baada ya punda kuondoka.