Tristan da Cunha

Tristan da Cunha ni kisiwa cha volkeno katika Atlantiki ya Kusini. Pamoja na visiwa vidogo vya jirani ni sehemu ya eneo la ng'ambo la Uingereza liitwalo Saint Helena, Ascension na Tristan da Cunha. Wakazi wake hawafiki 250, na wote wanakaa kijiji kimoja. Makazi ya kudumu yaliyo karibu nao zaidi ni Saint Helena, kilomita zipatazo 2,400 kaskazini. Cape Town iko zaidi ya kilomita 2,700 upande wa mashariki. Uwanja wa ndege hakuna. Anayetaka kufika hupanda meli Cape Town, hukaa baharini karibu wiki nzima, kisha husubiri bahari itulie, kwa kuwa bandari ni ndogo na meli kubwa hutia nanga nje. Mawimbi yakigoma, abiria anaweza kukitazama kisiwa kwa siku kadhaa bila kukikanyaga.

Tristão da Cunha, nahodha wa Kireno aliyekipa kisiwa jina, naye hakukikanyaga. Alikiona mwaka 1506 akiwa njiani kwenda Bahari ya Hindi, akaendelea na safari. Huku kwetu alishuka. Akishirikiana na mfalme wa Malindi, msafara wake uliushambulia mji wa Oja, ambao magofu yake ndiyo yanayojulikana leo kama Ungwana; Lamu ikajiokoa kwa kukubali kulipa kodi, na Barawa, iliyokataa, ikaporwa na kuchomwa moto. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anayekutana na jina hili kwenye ramani ya Atlantiki anakutana na mtu anayehusika na historia yake mwenyewe.

Kisiwa kikuu kina eneo la kilomita za mraba 98 na umbo la karibu mviringo. Kilele chake, Queen Mary's Peak, kina urefu wa mita 2,062 kutoka usawa wa bahari, na wakati wa baridi hufunikwa na theluji. Karibu pande zote mlima huishia baharini kwa majabali yanayofika mita 600, isipokuwa vipande vichache vya tambarare. Kilicho kikubwa kuliko vyote kiko kaskazini-magharibi, na hapo ndipo penye kijiji. Jina rasmi la kijiji ni Edinburgh of the Seven Seas, kwa heshima ya mwana wa Malkia Victoria aliyekuwa na cheo cha Mtawala wa Edinburgh, ambaye alikitembelea mwaka 1867. Wenyewe hawahangaiki na jina refu hivyo. Kwao ni Kijiji, basi.

Visiwa jirani vya Nightingale na Inaccessible viko upande wa kusini-magharibi, vinaonekana siku ya anga safi. Gough kiko mbali zaidi, karibu kilomita 400 kusini, na hakina watu ila wafanyakazi wa kituo cha hali ya hewa cha Afrika Kusini. Inaccessible ni makao pekee ya ndege mdogo kuliko ndege wote duniani wasioruka. Gough na Inaccessible vimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Aliyejaribu kwanza kukifanya kisiwa makao yake ni Mmarekani, Jonathan Lambert wa Salem, Massachusetts. Alifika mwaka 1810 na wenzake wachache, akajitangaza kuwa mmiliki wa visiwa vyote, akavipa jina jipya la Visiwa vya Kiburudisho, akiwa na tamaa ya kuwauzia mabaharia wapitao maji na mboga. Mwaka 1812 akafa maji. Habari hiyo ililetwa na mwenzake mmoja aliyebaki, Tommaso Corri wa Livorno, na kwa kuwa hakukuwa na shahidi mwingine, watu hawajaacha kumshuku. Askari wa Uingereza walipofika mwaka 1816 walimkuta akidai kwamba amezika hazina. Walimpa pombe kwa ukarimu wakitaraji atawaonyesha mahali, lakini Mwitalia huyo akafa na siri yake, kama ilikuwepo.

Askari hao waliletwa na hofu ya Napoleon. Alikuwa kifungoni Saint Helena, na London iliona afadhali kukalia kila mwamba ambao Wafaransa wangeweza kuutumia kumtorosha. Mwaka mmoja tu ukapita, serikali ikaona gharama ni kubwa na kikosi kikaondolewa. Koplo William Glass, Mskoti wa Kelso, akaomba abaki na mkewe Maria Leenders, mzaliwa wa Rasi ya Tumaini Jema, na watoto wao wawili. Waashi wawili, Samuel Burnell na John Nankivel, wakabaki nao.

Tarehe 7 Novemba 1817 wanaume hao walitia saini hati fupi ambayo, kwa maoni ya mwandishi huyu, inakieleza kisiwa kuliko volkeno yake. Walikubaliana kwamba mifugo na akiba ni mali ya wote kwa mafungu sawa, kwamba faida itagawanywa sawa na gharama zitabebwa sawa, na kwamba hakuna atakayekuwa mkubwa wa mwenzake. Hati yenyewe imehifadhiwa London. Ushirika wa kibiashara haukudumu, lakini ule moyo wa mafungu sawa ulibaki, na bado unaonekana katika namna ardhi, mifugo na bahari zinavyotumiwa.

Wakazi waliofuata waliletwa zaidi na ajali za meli. Thomas Swain alikuwa baharia Mwingereza. Pieter Groen, Mholanzi wa Katwijk, alivunjikiwa na meli mwaka 1836 na akaitwa Peter Green hadi kufa kwake. Rogers na Hagan walikuwa wavuvi wa nyangumi kutoka Marekani. Gaetano Lavarello na Andrea Repetto, wote wa Camogli nchini Italia, waliokolewa baada ya meli yao Italia kupata ajali mwaka 1892. Hospitali ya kisiwa leo inaitwa Camogli. Kwa muda mrefu majina ya koo yalikuwa saba tu: Glass, Swain, Green, Rogers, Hagan, Lavarello na Repetto.

Majina ni ya wanaume, lakini bila wanawake wa Saint Helena kusingekuwa na koo za kutajwa. Mwaka 1827 makapera wa kisiwa walimwomba nahodha mmoja awatafutie wake huko. Wakaja wanawake watano waliokubali kuvuka bahari kwenda kuolewa na watu wasiowajua, mmoja wao akiwa na watoto wake. Inasimuliwa kwamba Swain aliapa kumwoa wa kwanza kukanyaga mchanga, na akafanya hivyo. Wao na mke wa Glass ndio walioleta damu ya Afrika na Asia katika jamii ambayo vitabu vya zamani viliandika kana kwamba ni ya Waingereza watupu.

Kwa kuwa wazazi wa asili walikuwa wachache, magonjwa ya kurithi yalikita mizizi. Pumu inajulikana zaidi: karibu nusu ya wakazi wameugua kwa kiwango fulani, jambo lililowafanya watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, wakiongozwa na Noe Zamel, kwenda kuwapima miaka ya 1990.

Karne ya 19 ilikuwa ya kupungua na kuongezeka. Glass alifariki mwaka 1853, jamaa zake wengi wakahamia Marekani, na katikati ya muongo huo walibaki watu wasiofika 30. Tarehe 28 Novemba 1885 wanaume 15 walipanda mashua kuifuata meli West Riding wapate kubadilishana bidhaa. Hakurudi hata mmoja. Kijiji kikawa cha wajane na watoto. Serikali ya Uingereza iliwahi kuwashauri waliobaki wahame, nao wakakataa. Fedha hazikuwa na kazi kubwa kisiwani hadi Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la majini lilipofungua kituo chake na kuanza kulipa mishahara. Hata mwaka 1946, stempu iliyopendekezwa kwa ajili ya kisiwa ilichorwa ikiwa na bei mbili: peni moja, au viazi vinne.

Miezi ya mwisho ya 1961 ndiyo iliyowajulisha kwa dunia. Tangu Agosti ardhi ilikuwa ikitetemeka na mawe yakiporomoka kutoka majabalini. Oktoba 9 nyufa zilifunguka karibu kabisa na nyumba, na ardhi ikaanza kuumuka. Usiku huo watu walihamia kwenye mashamba ya viazi; kesho yake mashua za uvuvi zikawavusha hadi Nightingale, na meli ya abiria ya Kiholanzi, Tjisadane, ikawachukua kwenda Cape Town. Walikuwa 264. Zaha ilifunika kiwanda cha samaki na fukwe za kushukia mashua, lakini nyumba karibu zote zilisalimika.

Kutoka hapo walipelekwa Uingereza, ambayo iliwapokea kwa mikono miwili, ikawapa makazi katika kambi ya Pendell huko Surrey na baadaye Calshot karibu na Southampton, pamoja na kazi, shule na televisheni. Magazeti yaliandika kama vile watu hawa wametolewa pangoni wakaonyeshwa mwanga. Lakini mwili uliozoea upepo wa bahari ulishambuliwa na mafua na homa za mapafu, na wazee kadhaa walizikwa ugenini. Desemba 1962 wakapiga kura: 148 walitaka kurudi, 5 walikataa. Wengi walirejea mwaka 1963. Ni kweli kwamba miaka michache baadaye baadhi yao waliondoka tena, kwani waliokuwa vijana walikuwa wameonja mshahara wa wiki, na si haki kusimulia kurudi huko kana kwamba hakukuwa na mgawanyiko. Bandari ndogo iliyojengwa mwaka 1967 ilipewa jina Calshot.

Uchumi unasimama juu ya kambakoche. Asubuhi ya siku nzuri, kabla hakujapambazuka, mtungi mtupu wa gesi ulioning'inizwa hugongwa kwa nyundo. Kijiji kizima husikia kwamba leo ni siku ya kuvua, na watumishi wa ofisi huacha kazi zao wakaingia kwenye mashua au wakaenda kusubiri kiwandani. Kambakoche husafishwa, hugandishwa na kuuzwa ng'ambo. Mwaka 2020 serikali ya kisiwa ilitangaza hifadhi ya bahari inayokaribia kilomita za mraba 700,000. Uharibifu walikuwa wameshauona: Machi 2011 meli ya mizigo Oliva ilipanda mwamba wa Nightingale, mafuta mazito yakamwagika, na wanakijiji wakakesha wakiosha pengwini maelfu, ambao wengi wao hata hivyo walikufa.

Chakula cha nyumbani ni viazi. Mashamba yako kilomita tatu hivi kutoka kijijini, kila moja likizungushiwa ukuta wa mawe meusi dhidi ya upepo. Ardhi haiuzwi. Idadi ya ng'ombe na kondoo kwa kila kaya ina kikomo, ili malisho yasimalizwe na mwenye uwezo. Panya, waliofika na meli iliyovunjika mwaka 1882, wametengewa siku yao: vikundi hushindana kuwaua, na zawadi hutolewa hata kwa mkia mrefu kuliko yote. Desemba 31 vijana huvaa vinyago na matambara, wakazunguka kijijini kuwatisha wanawake na watoto.

Gavana anakaa Saint Helena na huwakilishwa kisiwani na msimamizi. Msimamizi hushauriwa na Baraza la Kisiwa lenye wajumbe 8 wa kuchaguliwa, ambao kati yao lazima angalau mmoja awe mwanamke, na 3 wa kuteuliwa. Kiongozi wa wakazi huchaguliwa kwa kura ya peke yake inayopigwa wakati uleule.

Shule ipo, lakini anayetaka elimu ya juu lazima asafiri, na si kila aliyesafiri hurudi. Wazee wanazidi, watoto wanapungua. Mgeni haruhusiwi kununua ardhi wala kuhamia kwa hiari yake. Mlango uliobaki ni ndoa, na ndio ulioingiza majina mawili mapya katika orodha ya koo, Collins na Squibb, ya wanaume waliooa mabinti wa kisiwa.