Fomu ya Mteja Mtarajiwa

Aliyeulizia bei ya kuchimbiwa kisima akaacha namba yake ya simu bado hajawa mteja, lakini si mpita njia tena. Kiingereza cha biashara humwita "lead". Wauzaji wetu humwita mteja mtarajiwa, na sehemu ya tovuti anapoacha jina na namba tuiite fomu ya mteja mtarajiwa. Wapo wanaosema "fomu ya kunasa wateja". Siipendi. Ofisi ikizoea kuzungumzia kunasa, haikawii kutega. "Mtarajiwa" linaweka mambo sawa: anayetarajia ni muuzaji, mwenzake hajaahidi lolote.

Na kwa kuwa hajaahidi, kila kisanduku ni usumbufu kwake. Mchimba visima anayetaka kupiga simu na kukadiria bei anahitaji jina, namba na mahali kiwanja kilipo. Tarehe ya kuzaliwa ya nini? Hata lile swali la "umetusikia wapi" linaweza kuulizwa kwa mdomo. Swali ambalo jibu lake halibadilishi chochote katika simu ya kwanza, lifutwe.

Kisanduku cha simu ndicho kinachoponza fomu nyingi. Mtu wa Morogoro ataanza na sifuri, kisha tarakimu tisa. Ndugu yake aliye Muscat, anayemjengea mama nyumba, ataandika +968 na namba ya huko. Mwingine ataanza na +255 bila sifuri, na wengi huacha nafasi katikati ili namba isomeke. Wote wako sahihi. Kazi ya kuzipanga namba hizo ni ya programu. Fomu inayomjibu mtu kwa maandishi mekundu kwamba "namba si sahihi" kwa sababu ya nafasi moja imemfukuza mteja mlangoni. Mtengenezaji akitumia type="tel" kwenye HTML, simu humfungulia mjazaji kibodi ya tarakimu, na kivinjari chenyewe hakikagui mpangilio wa namba. Ukali huo huongezwa na sisi wenyewe.

Lebo nayo ikae juu ya kisanduku. Maandishi yaliyofifia ndani yake hupotea mara mtu anapoanza kuandika, na akikatizwa kidogo hajui tena alikuwa anajaza nini.

Kuhusu idhini, Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na ya Tanzania, iliyotungwa 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Kisanduku cha kukubali matangazo kiachwe kitupu. Mwenyewe ndiye atie tiki.

Mwisho kuna kitufe. "Tuma" halimwambii mtu kitakachofuata. "Nipigieni kuhusu bei" linamwambia, na chini yake pakiandikwa kwamba atapigiwa leo kabla ya saa kumi na moja jioni, lazima awepo wa kupiga.