Kabla Uulizwe Bwanako Hulala Upande Gani wa Kitanda

Kuna stori huzunguka kila mtaa ambao mtu ameoa au kuolewa majuu. Kwamba ukifika Gigiri, afisa aliye nyuma ya kioo atakuuliza bwanako hulala upande gani wa kitanda, mswaki wake ni rangi gani, na shemeji yako wa mwisho anaitwa nani. Watu huisimulia wakicheka. Lakini ukikaa na msee ambaye mahojiano yake ni wiki ijayo, hacheki. Amebeba faili nene kama ya wakili: picha za harusi, risiti za pesa zilizotumwa, tiketi za ndege, jumbe za simu zimechapishwa hadi wino ukaisha. Na bado anajiuliza kama hiyo ndoa yake itatosha.

Nimekuwa nikisoma historia ya hii safari, medikali na mahojiano, na kuna kitu nataka mjue mapema. Hayo maswali hayakutungwa juu yako. Yana karibu miaka 150. Mengine yana maana. Mengine ni aibu ambayo mtu alisahau kuzika.

Tuanze 1875. Mwaka huo Marekani ilipitisha Sheria ya Page. Kwa karatasi, ilisema inazuia wanawake wanaoletwa kutoka Asia kufanya ukahaba. Kwa vitendo, kila mwanamke Mchina alichukuliwa kuwa kahaba hadi athibitishe kwamba siye. Kabla apande meli Hong Kong alihojiwa na konseli wa Marekani: tabia yake, ukoo wake, anaenda kwa nani, ameolewa kweli ama ni uongo. Picha yake ilitumwa mbele, na akifika San Francisco anahojiwa tena. Wake wengi wa halali waliona heri wabaki nyumbani kuliko kudhalilishwa hivyo. Kwa hivyo ukiuliza mahojiano ya mke mbele ya konseli yalitoka wapi, jibu ni kwamba hayakuanza kama njia ya kutafuta ndoa za kweli. Yalianza kama njia ya kuzuia jamii fulani isianzishe familia Marekani.

Medikali nayo ilikuja na sheria ya 1891, iliyofungia watu wenye magonjwa ya kuambukiza. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Januari 1892, kisiwa cha Ellis kikafunguliwa pale New York. Sasa sikiza venye ilikuwa. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikaguliwa ndani ya meli, haraka haraka, kwa heshima zao. Wale maskini wa daraja la chini ndio walishushwa kisiwani. Walipandishwa ngazi na mizigo yao huku madaktari wakiwaangalia kutoka juu, kuona nani anahema na nani anachechemea. Ukishukiwa, unachorwa kwa chaki kwenye koti: H ya moyo, E ya macho, L ya kilema, X ya akili. Kutafuta trakoma, ule ugonjwa wa macho, daktari alipindua kope lako, mara nyingi kwa kile kindoano cha kufungia vifungo vya viatu. Waliopita hapo hadi pafungwe 1954 ni kama milioni 12, na waliorudishwa ni kama asilimia 2. Ukisema 2 ni kidogo, fikiria hiyo 2 ni mamako.

Na mwanamke aliyekuja peke yake hakuachiliwa hivi hivi. Alikaa kisiwani hadi bwana, mchumba ama jamaa aje amchukue. Wachumba wengine ilibidi waoane papo hapo ndio msichana aruhusiwe kutoka.

Upande wa pili wa Marekani kulikuwa na Angel Island, ndani ya ghuba ya San Francisco, kati ya 1910 na 1940. Hapa ndipo lile swali la kitanda lina babu yake. Wachina walikuwa wamefungiwa na sheria ya 1882, isipokuwa watu wachache kama wafanyabiashara, familia zao, na watoto wa raia. Halafu 1906 San Francisco ikatetemeka na kuungua, rekodi za serikali zikageuka majivu, na watu wengi wakadai ni watoto wa raia. Maafisa walifanya nini? Wakaanza kuwahoji mke na mume, baba na mtoto, kila mmoja chumba chake, halafu wakilinganisha majibu. Nyumba yenu iko na ngazi ngapi? Kisima kiko upande gani? Jirani wa nyumba ya tatu ni nani? Watu walikariri vijitabu vya majibu ndani ya meli, kisha wakavitupa baharini kabla ya kufika. Mtu mkweli aliyesahau idadi ya ngazi alifeli. Mwongo aliyekariri vizuri alipita. Shikilia hiyo sentensi, nitairudia.

Mwaka wa 1924 ndio mfumo tunaoujua ulikaa sawa. Sheria mpya ilisema mhamiaji lazima apate viza kutoka kwa konseli kabla aondoke kwao, na kuanzia 1925 madaktari wa Marekani wakaanza kuwekwa kwenye ofisi za konseli Ulaya. Yaani Ellis Island ilihamishwa ikaletwa mlangoni pako. Kuna uzuri hapo, juu hakuna tena kuvuka bahari kisha kurudishwa. Lakini sheria hiyo hiyo iliwafungia nje Waasia karibu wote, na mwaka wa 1925 Mahakama ya Juu ikasema hata mke Mchina wa raia wa Marekani hawezi kuingia. Raia kamili, cheti cha ndoa mkononi, na mke ameachwa ng'ambo.

Unajua ni lini serikali iliamua mapenzi si shida? Baada ya vita. Desemba 1945 ikapitishwa sheria ya wake wa wanajeshi, na masharti mengi ya viza na afya yakalegezwa. Februari 1946 meli ya SS Argentina ilitia nanga New York ikiwa na wake zaidi ya 400 kutoka Uingereza pamoja na watoto wao, na waandishi wa habari wakiwangoja. Kumbe inawezekana! Ila ilitegemea wewe ni nani. Ellen Knauff, mzaliwa wa Ujerumani aliyeolewa na Mmarekani, alifika 1948 akazuiliwa Ellis Island kwa ushahidi wa siri ambao hakuonyeshwa. Mwaka wa 1950 Mahakama ya Juu ikasema serikali haina haja ya kumpa hata kikao cha kujitetea. Magazeti yalipiga kelele, bunge likaingilia, na mwishowe 1951 akaruhusiwa kuingia. Yeye alipona. Hukumu yenye jina lake ilibaki.

Na sisi tunaingia wapi? Tunaingia 1961, Hawaii, kwa mwanafunzi Mluo anayeitwa Barack Obama, babake yule mnayemjua. Alikuwa ameoa nyumbani kimila, kisha Februari 1961 akamwoa Ann Dunham. Faili yake ya uhamiaji ilikuja kuwekwa wazi miaka mingi baadaye. Ndani, afisa mmoja ameandika wasiwasi kuhusu wake zake, na akashauri kwamba mke Mmarekani akijaribu kumwombea karatasi, ndoa ichunguzwe kama ni ya kweli. Kumbuka sheria ya 1891 ilikuwa imefungia pia watu wa mitala. Mwaka wa 1964 alinyimwa nyongeza ya muda akarudi Kenya. Sisemi alikuwa malaika kwa mambo ya ndoa. Ninachosema ni kwamba ndoa ya kimila ya Kenya ilishakuwa kwenye meza ya afisa wa Marekani kabla hata hatujapata uhuru, na afisa hakujua aiweke wapi.

Uingereza wasijifanye. Januari 1979 mwalimu Mhindi wa miaka 35 alitua Heathrow kuolewa na mchumba wake. Maafisa walimfanyisha kipimo cha ubikira. Eti msichana wa Kihindi asiye bikira hawezi kuwa mchumba wa kweli, basi anadanganya. Gazeti la The Guardian lilianika hiyo maneno tarehe 1 Februari, na kipimo kikapigwa marufuku. Baadaye nyaraka zikaonyesha wanawake wengine wengi walifanyiwa hivyo hivyo huko India, kabla hata ya kupewa viza. Soma tena: daktari alitumiwa kujibu swali la ndoa. Hapo ndipo medikali na mahojiano yalishikana mikono, na matokeo ni kitu cha kukutia kichefuchefu.

Rudi Marekani, 1986. Bunge linaambiwa na idara ya uhamiaji kwamba asilimia 30 ya ndoa za viza ni feki. Bunge linaogopa, linapitisha sheria: ndoa ikiwa haijafika miaka miwili unapoingia, unapewa grini kadi ya masharti ya miaka miwili, halafu mthibitishe tena kwamba bado mko pamoja. Baadaye ikajulikana ule utafiti wa asilimia 30 haukuwa wa kuaminika. Sheria iko hadi leo.

Mwaka uliofuata, 1987, HIV ikawekwa kwenye orodha ya magonjwa yanayozuia viza. Sasa fikiria Nairobi ya miaka ya tisini, venye virusi vilikuwa vinamaliza familia, na mtu anapimwa kwa ajili ya viza. Kwa wengine, hiyo karatasi ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kujua hali yao. Mke au mume aliweza kuomba msamaha wa kisheria, lakini ni mlima. Marufuku hiyo iliondolewa tarehe 4 Januari 2010, baada ya miaka ya wanaharakati na wanasayansi kusema jambo moja: HIV haiambukizwi kwa kukaa kiti kimoja kwenye ndege.

Leo, ukienda medikali ya viza ya mhamiaji Nairobi, ni kitu cha kueleweka. Eksirei ya kifua kutafuta TB. Damu kwa ajili ya kaswende, mkojo kwa ajili ya kisonono. Chanjo zako. Maswali ya afya ya akili na mihadarati. Wale wa bangi mnisikize hapa: daktari akiona uko na tatizo la matumizi, unaweza kungoja hata mwaka mzima ndio upimwe upya. Eksirei ikionyesha kivuli, unatoa makohozi asubuhi tatu, na kuyaotesha maabara kunaweza kuchukua wiki 8. Ukiwa na TB unatibiwa hadi umalize, kisha unaendelea. Inauma kungoja, lakini mlango haujafungwa.

Na hapo ndipo hoja yangu iko. Medikali imebadilika. Chaki iliisha, kindoano kiliisha, kipimo cha ubikira kiliisha, marufuku ya HIV iliisha. Kwa nini? Kwa sababu ugonjwa unaweza kupingwa kwa ushahidi. Ukiambiwa una TB, kuna kipimo, kuna dawa, kuna siku ya kupona.

Mahojiano je? Shaka ya afisa haina kipimo. Mwaka wa 2024, tarehe 21 Juni, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Sandra Muñoz, raia, ambaye mumewe kutoka El Salvador alinyimwa viza kwa kushukiwa kuwa wa genge. Alikuwa na michoro mwilini. Mahakama ikasema raia hana haki ya kimsingi ya kikatiba ya mwenzi wake kuruhusiwa kuingia nchini. Na ile hukumu ya Knauff ya 1950 ilitajwa tena, ikiwa hai kabisa. Yaani tangu Hong Kong, afisa mmoja, dakika chache, na karibu hakuna mahakama juu yake.

Najua kuna watu watasema ndoa feki ziko, na wengine wetu tunawajua waliolipia. Ni kweli. Nchi ina haki ya kuuliza. Lakini rudi Angel Island: mkweli aliyesahau ngazi alifeli, mwongo aliyekariri akapita. Mfumo wa kupima kumbukumbu huwaumiza wale ambao hawakujiandaa kudanganya. Afisa akikataa, aandike sababu kamili, na mtu mwingine aiangalie. Daktari hutoa matokeo yanayoweza kurudiwa. Konseli naye atoe.

Kabla hiyo siku ifike, fanya yaliyo mkononi mwako. Sajili ndoa yako. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ya kimila, ya Kiislamu, ya Kihindu, ya Kikristo na ya serikali, na zote zinafaa kusajiliwa. Ruracio iliyojaa mbuzi na video ya saa tano bado inahitaji cheti, na kukaa pamoja tu bila cheti, afisa hataelewa. Kama kulikuwa na ndoa ya kwanza, hata ya kimila, iseme na ulete karatasi zake. Usikariri majibu na mwenzako kama wimbo wa shule. Hukumbuki rangi ya mswaki? Sema hukumbuki.

Na ukivua shati usimame mbele ya ile mashine ya eksirei, usione aibu. Kuna watu walichorwa chaki kwenye koti wakakataa kunyamaza, ndio wewe leo unapimwa kama mgonjwa wa kawaida na unapewa nafasi ya kutibiwa. Kazi ya kufanya upande wa kioo uwe na haki kama hiyo bado haijaisha.