Motokaa, Umilikaji na Uendeshaji wake

Umilikaji wa motokaa hutofautiana mno baina ya nchi na nchi: Marekani, ambako Henry Ford alianza kuunda gari la Model T mwaka 1908, hesabu ya magari hupindukia 700 kwa kila watu 1,000, ilhali Afrika Mashariki wasafiri walio wengi hutegemea daladala, matatu na bodaboda. Singapore, kisiwa chenye dhiki ya ardhi, tangu 1990 mtu hasajili gari ila kwanza anunue mnadani hati ya miaka 10. Sharia kali, lakini yenye insafu kwa mahali padogo kiasi hicho.

Desturi za uendeshaji nazo zina asili katika tarihi ya utawala. Tanzania, Kenya na Uganda, zilizokuwa chini ya Waingereza, hushika kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo, zilizotawaliwa na Wabelgiji, hushika kulia, hata dereva wa lori atokaye Dar es Salaam hulazimika kubadili upande avukapo mpaka wa Rusumo kuingia Rwanda. Na kwa kuwa Wajapani pia hushika kushoto, magari yao yaliyokwisha tumika, yenye usukani upande wa kuume, ndiyo yaliyoenea pwani yetu. Lakini Lamu mjini, ambako vichochoro havipitishi gari, mchukuzi angali ni punda.