Muuaji Asiyekumbuka, Mpelelezi Aliyesahau

Septemba 1975, televisheni ya Marekani ilirusha sehemu ya tamthilia ya Columbo iliyoitwa "Forgotten Lady". Grace Wheeler, mwigizaji aliyewahi kuvuma katika filamu za nyimbo na dansi, anamuua mumewe, daktari, kwa kuwa amekataa kumpa fedha za kurudi jukwaani. Luteni Columbo, na lile koti lake la mvua lililochakaa, anamshuku mapema kama ilivyo kawaida yake. Tatizo linamkuta mwishoni. Grace ana ugonjwa kichwani unaomla kumbukumbu, ugonjwa ambao mumewe alimficha ili asimvunje moyo. Ushahidi wote umekamilika, lakini muuaji hana habari kwamba ameua.

Mtazame Janet Leigh, anayemwigiza Grace, katika dakika zile za mwisho. Ameketi sebuleni mbele ya skrini, projekta inazunguka, na mbele yake inachezwa filamu ya ujana wake, "Walking My Baby Back Home" ya mwaka 1953, ambayo ni filamu halisi ya Leigh mwenyewe. Uso wake unang'aa kama wa binti. Rafiki yake wa zamani, Ned Diamond, anajitokeza na kusema yeye ndiye aliyeua. Columbo anajua ni uongo, na Ned anajua kwamba Columbo anajua. Ila kuuvunja uongo ule kutachukua muda, na Grace hana muda huo. Luteni anaondoka na mtu asiye na hatia, na mwenye hatia anaachwa na filamu yake.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi, na kwangu mimi ndipo hasa inapoanzia historia ninayotaka kuisimulia: jinsi tamthilia za upelelezi zilivyojifunza, polepole na kwa makosa mengi, kumtazama mtu anayesahau.

Kabla ya hapo sinema ilipenda usahaulifu wa aina nyingine kabisa. Katika "Spellbound" ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1945, Gregory Peck ni kijana asiyejua yeye ni nani wala kama ameua mtu. Ingrid Bergman, daktari wa akili, anamchambulia ndoto zake, na picha za ndoto hizo zilibuniwa na mchoraji Salvador Dalí. Tukio moja la utotoni linapofunuliwa, kila kitu kinarudi mahali pake. Kumbukumbu katika filamu za namna ile ilikuwa kama sanduku la mninga la bibi: limefungwa, ufunguo umepotea, lakini nguo zote zimo ndani, zimekunjwa vizuri na bado zinanukia udi. Kazi ya mpelelezi ni kuutafuta ufunguo.

Anayeugua ugonjwa wa kusahau hana sanduku kama hilo. Nondo wameshaingia kwenye nguo zenyewe.

Udaktari wenyewe ulichelewa kulielewa hilo. Novemba 1901, katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, daktari Alois Alzheimer aliketi na mgonjwa wake Auguste Deter, mwanamke aliyekuwa na umri wa miaka 51, akamhoji na kuandika kila jibu. Akamuuliza jina lake. Auguste. Jina la ukoo? Auguste. Na mumewe anaitwa nani? Nadhani Auguste. Ukiyasoma mahojiano hayo utadhani ni ya kituo cha polisi, ila anayehojiwa hafichi lolote. Auguste alifariki mwaka 1906, na mwaka huohuo daktari akawaeleza wenzake mjini Tübingen alichokiona katika ubongo wake. Mwaka 1910 Emil Kraepelin akauita ugonjwa huo kwa jina la Alzheimer. Jalada la mgonjwa likapotea, likaja kupatikana Frankfurt mwaka 1995, kurasa zake zikiwa na mwandiko wa daktari na majaribio ya Auguste ya kuandika jina lake mwenyewe.

Kwa miongo mingi madaktari waliliweka jina la Alzheimer kwa waliougua kabla ya uzee. Mzee aliyesahau alihesabiwa kuwa amezeeka tu, basi. Ni mwaka 1976 ndipo daktari wa Marekani, Robert Katzman, alipoandika kwamba huo ni ugonjwa uleule mmoja, na kwamba ni miongoni mwa wauaji wakubwa wa binadamu. Forgotten Lady ilikuwa imetangulia kwa mwaka mmoja. Sishangai kwamba waandishi wake walimpa Grace ugonjwa wa mshipa wa damu kichwani. Usahaulifu wa kawaida wa uzeeni ulikuwa bado haujahesabiwa kuwa kisa.

Kuna jambo zito lililokuja kutokea baadaye. Peter Falk, aliyemwigiza Columbo kwa zaidi ya miaka 30, naye alipatwa na dimenshia. Mwaka 2009, mahakama ya California iliposikiliza suala la uangalizi wake, daktari alieleza kwamba Falk hakumkumbuka tena Columbo. Alifariki mwaka 2011.

Karne mpya ilianza na wanaume walioandika miilini mwao. "Memento" ya Christopher Nolan, ya mwaka 2000, ilimleta mtu aliyejeruhiwa kichwani asiyeweza kuhifadhi jambo jipya, anayemsaka muuaji wa mkewe kwa picha na tatuu. Wapenzi wa filamu za Kihindi hapa kwetu walikipata kisa kinachofanana na hicho kupitia Aamir Khan katika "Ghajini" ya mwaka 2008. Ni filamu za kusisimua, ila yule ni mtu wa ajali. Uzee haumo.

Ubelgiji ndiyo iliyothubutu kuutaja ugonjwa tangu kwenye jina. "De zaak Alzheimer" ya Erik Van Looy, iliyotoka mwaka 2003 kutokana na riwaya ya Jef Geeraerts, inamhusu Angelo Ledda, muuaji wa kukodiwa anayewageuka waliomtuma huku akili ikimtoka. Jan Decleir anamwigiza kwa uso wa jiwe unaoanza kupata nyufa. Naye anaandika kwenye mkono. Mwaka 2022 Marekani waliitengeneza upya kwa jina "Memory", Liam Neeson akiwa Ledda mpya. Kwa maoni yangu, filamu zote mbili zinautumia ugonjwa kama saa ya ukutani: unasikia mshale ukienda, unaharakisha mbio, lakini huoni unavyomla mtu.

Wa kwanza kunifanya nione alikuwa Kurt Wallander. Mtunzi wake, Henning Mankell wa Sweden, alikuwa na mguu mmoja Afrika. Kwa miaka mingi aliongoza michezo katika ukumbi wa Teatro Avenida mjini Maputo. Katika riwaya yake ya mwaka 2009, "Den orolige mannen", mpelelezi huyu wa mji mdogo wa Ystad anaisahau bastola yake ya kazi mgahawani. Anajilaumu kwa pombe. Dalili nyingine zinafuata, na msomaji anaelewa kabla ya Wallander. Baba yake, mchoraji, alikuwa amepita njia hiyohiyo, na maisha yake yote alichora mandhari ileile, mara na ndege, mara bila ndege. Kenneth Branagh aliigiza kisa hicho katika sehemu za mwisho za "Wallander" ya BBC, mwaka 2016. Mtu aliyeishi kwa kukumbuka nyuso, namba za magari na uongo wa watu anabaki na hofu ya kusahau.

Hata hivyo Wallander anaanza kusahau mwishoni mwa safari. Kumfanya anayesahau awe ndiye mpelelezi tangu mwanzo ilikuwa kazi ya Emma Healey, Mwingereza aliyetoa riwaya "Elizabeth Is Missing" mwaka 2014. BBC iliigeuza kuwa filamu Desemba 2019, ikiongozwa na Aisling Walsh, na aliyekubali kuwa Maud ni Glenda Jackson, mwenye Oscar mbili, aliyeacha uigizaji mwaka 1992 akawa mbunge kwa miaka 23. Alikuwa na umri wa miaka 83.

Maud anamtafuta rafiki yake Elizabeth. Mifuko ya koti lake imejaa vikaratasi alivyojiandikia. Bustanini anaokota kipande cha kikasha cha poda, kilichopasuka na kujaa udongo, anakigeuza kiganjani, na macho yake yanaondoka pale alipo. Dada yake, Sukey, alipotea muda mfupi baada ya Vita Kuu ya Pili, na hakuonekana tena. Basi Maud anauliza kuhusu Elizabeth, na ndani yake anauliza kuhusu Sukey. Wote wanajua Elizabeth alipo, na wameshamwambia. Anasahau, anauliza tena, wanachoka naye. Polisi wanamcheka. Na bado, chini ya udongo ule, Maud ndiye mwenye haki.

Bibi yangu, kule Pangani, alikuwa akiuliza kila jioni: "Ngalawa imeingia?" Alikuwa akimngoja babu, naye babu alikuwa ameshakufa miaka mingi. Sisi wajukuu tulimwambia ukweli, tukidhani ukweli ni heshima, na kila jioni alifiwa upya mbele ya macho yetu. Shangazi ndiye aliyetuzuia. Alimletea chai, akaketi naye mkekani, akamjibu: "Bado, mama. Leo kusi imekaza." Bibi akaitikia kwa kichwa, kwa sababu kusi alikuwa anaijua, akaanza kusimulia jinsi babu alivyokuwa akisoma mawimbi. Tulisikia mambo ambayo hatukuwahi kuyasikia. Nilipomwona Glenda Jackson na kile kipande kiganjani, nilitamani wajukuu wote wa dunia wangeiona filamu ile mapema kuliko mimi.

Mwaka huohuo wa 2019, mwezi Januari, HBO ilianza kuonyesha msimu wa tatu wa "True Detective", kazi ya Nic Pizzolatto. Wayne Hays, askari mpelelezi wa Arkansas, anamtafuta mtoto aliyepotea Novemba 1980. Tunamwona katika miaka mitatu: 1980, 1990 na 2015, akiwa mzee anayejirekodia sauti ili asubuhi ajue yeye ni nani. Mahershala Ali, anayemwigiza Hays, alipewa kwanza nafasi ya msaidizi. Aliomba ya mhusika mkuu, akamtumia Pizzolatto picha za babu yake, aliyekuwa polisi, kumwonyesha kwamba mtu Mweusi alivaa sare hiyo enzi zile.

Miaka ile mitatu haitenganishwi kwa ukuta. Mzee Hays yuko chumbani anaongea na marehemu mkewe. Kufumba na kufumbua yuko barabarani usiku, na joho la kulalia mwilini, pale alipopelekwa na kesi miaka 35 iliyopita, asijue amefikaje. Mtazamaji anapotea pamoja naye, kwa sababu hakuna anayetushika mkono kutuambia huu ni mwaka gani.

Katika sehemu ya nane anaipata anwani. Baada ya maisha mazima ya kutafuta, ameandika kwenye karatasi mahali anapoamini yule mtoto, sasa mtu mzima, anaishi kwa amani. Anaendesha gari mpaka pale. Anasimama mbele ya nyumba, na ghafla hajui amefuata nini. Mwenye nyumba anamwona mzee aliyepotea, anampa maji ya kunywa. Hays anampigia simu mwanawe aje kumchukua, anamshukuru yule mama kwa adabu na kurudisha glasi. Karatasi yenye anwani inaishia mfukoni mwa mwanawe.